Sajini Aldea Naye Amesimama Pale: Hotuba juu ya Mnara wa Mashujaa wa Iquique

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliopanda magari alfajiri kutoka Kyela, Tukuyu na Mbozi ili mfike hapa Mbeya mapema, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya minara ya kumbukumbu, nami nimeamua kuuzungumzia mmoja kwa kirefu badala ya kuigusa mingi kijuujuu. Nao ni mnara uliosimama katika uwanja wa Sotomayor, mjini Valparaíso, nchini Chile, kwa heshima ya Arturo Prat na wenzake waliopigana katika maji ya bandari ya Iquique tarehe 21 Mei 1879. Najua wapo kati yenu wanaojiuliza kwa nini sisi watu wa milimani, tunaoamka tukiutazama mlima Loleza na ambao wengi wetu hata kuogelea hatujui, tuhangaike na shujaa wa jeshi la majini wa nchi iliyo upande wa pili wa dunia. Jibu langu ni kwamba sisi nasi tunalo ziwa, ziwa hilo limewahi kupiganiwa kwa mizinga, na ipo siku mtu atasimama katika baraza fulani apendekeze kwamba pajengwe mnara ufukweni. Siku hiyo ikifika, ni afadhali tuwe tumekwisha kufikiri kabla kamati haijaundwa na zabuni haijatangazwa, kwa sababu kamati ikishaundwa mjadala huhamia kwenye bei ya saruji na orodha ya wageni rasmi.

Nianze na vita vyenyewe. Vita vya Pasifiki, vilivyozuka mwaka 1879 kati ya Chile kwa upande mmoja na Bolivia pamoja na Peru kwa upande wa pili, vilikuwa vita vya madini. Katika jangwa la Atacama kulikuwa na shura, ile chumvi iliyotumika kutengenezea mbolea na baruti, na kila taifa liliitamani. Bolivia, ambayo wakati huo ilikuwa na pwani yake, iliitoza kodi kampuni iliyochimba huko kwa mtaji wa Chile. Chile ikasema kodi hiyo inavunja mkataba, ikateremsha askari katika mji wa Antofagasta, na baada ya miezi michache nchi tatu zilikuwa vitani. Katika jangwa lisilo na barabara wala maji, mwenye kuitawala bahari ndiye angeweza kupeleka askari, chakula na risasi, na kwa hiyo macho yote yaligeukia manowari.

Chile iliziba bandari ya Iquique, ambayo wakati ule ilikuwa ya Peru, kisha meli zake kubwa zikaondoka kwenda kuwatafuta Waperu kaskazini. Zikabaki meli mbili dhaifu kulinda kizuizi hicho: Covadonga, chini ya Carlos Condell, na Esmeralda, chini ya Prat. Esmeralda ilikuwa meli ya mbao iliyojengwa Uingereza katika miaka ya 1850, na kufikia mwaka huo boila zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba mwendo wake haukutegemewa tena. Asubuhi ya tarehe 21 Mei zikatokea manowari mbili za Peru zilizovikwa chuma, Huáscar na Independencia. Huáscar, iliyoundwa Birkenhead mwaka 1865, ilikuwa na mizinga mikubwa ndani ya mnara unaozunguka, na mbele, chini ya maji, ilikuwa na omo ya chuma iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kutoboa ubavu wa meli nyingine. Aliyeiongoza alikuwa Miguel Grau, na jina hilo naomba mlishike, kwa maana nitalirudia.

Prat hakuwa mtu ambaye picha yake ingekujia akilini unapofikiria shujaa wa vita. Alizaliwa mwaka 1848, akaingia chuo cha jeshi la majini akiwa mtoto wa miaka 10, na akiwa bado afisa alisomea sheria mpaka akawa wakili mwaka 1876. Alikuwa ametumia elimu hiyo kumtetea mahakamani afisa mwenzake, Luis Uribe, ambaye siku ya Iquique ndiye aliyekuwa msaidizi wake melini. Tena, na hili nawaambia hasa walimu wenzangu, alikuwa akifundisha usiku, bila malipo, katika shule ya wafanyakazi ya Valparaíso. Huyu ndiye aliyewakusanya watu wake asubuhi ile akawaambia, kwa maneno ambayo kila mtoto wa Chile huyakariri shuleni, kwamba mapambano hayalingani, kwamba bendera yao haijapata kushushwa mbele ya adui, na kwamba yeye akifa maafisa wake watajua la kufanya.

Alichokifanya baadaye kilikuwa cha akili kabla ya kuwa cha ushujaa. Aliisogeza Esmeralda karibu sana na ufuko, mji wa Iquique ukiwa nyuma yake, ili kila kombora la Huáscar litakalopita juu liangukie nyumba za Waperu wenyewe. Kwa muda mbinu hiyo ilisaidia. Lakini boila moja ikapasuka, mizinga iliyowekwa ufukweni ikaanza kuishambulia, na meli ikalazimika kujikokota kutoka mahali pake pa kujificha. Makombora ya Esmeralda yaligonga chuma cha Huáscar yakadunda. Hatimaye Grau aliamua kumaliza kazi kwa omo, akaigonga Esmeralda ubavuni. Katika dakika ile ambayo meli mbili ziligusana, Prat alitoa amri ya kuparamia, akaruka juu ya sitaha ya adui, upanga mkononi. Katika ghasia na kelele za mizinga ni wachache mno walioisikia amri ile, na meli zikaachana kabla wengine hawajaruka. Aliyemfuata akajulikana zaidi ni sajini Juan de Dios Aldea. Prat aliuawa pale pale juu ya sitaha ya Huáscar. Aldea alianguka na majeraha mengi, akafa siku chache baadaye mjini Iquique.

Huáscar iligonga mara ya pili, na safari hii luteni Ignacio Serrano akaruka pamoja na kundi dogo la mabaharia, nao wakauawa. Iligonga mara ya tatu, na Esmeralda ikazama saa 6:10 mchana, bendera ikiwa bado mlingotini, huku afisa kijana Ernesto Riquelme akifyatua mzinga wa mwisho. Mpiga tarumbeta wa meli hiyo, Gaspar Cabrales, ambaye alikuwa bado kijana mdogo, alikuwa amekwisha kuuawa akiwa kazini. Katika watu wapatao 200 waliokuwamo melini, waliookoka walikuwa takriban 60, na waliookoa roho zao walikuwa ni hao hao Waperu, kwa sababu Grau aliteremsha mashua kuwaokota majini.

Wakati hayo yanatendeka, Independencia ilikuwa ikiifukuza Covadonga kuelekea kusini, karibu mno na miamba, mpaka ikapanda mwamba mahali paitwapo Punta Gruesa ikaharibika kabisa. Kwa hesabu baridi za vita, Peru ilipoteza siku ile manowari yenye thamani kubwa kuliko Esmeralda mara nyingi. Lakini watu wa Chile hawakulia wala kushangilia kwa ajili ya Independencia. Walilia na kushangilia kwa ajili ya wakili aliyeruka.

Sasa Grau. Baada ya vita alikusanya vitu vya Prat vilivyopatikana, ukiwamo upanga wake, akavipeleka pamoja na barua ya tarehe 2 Juni 1879 kwa mjane wa Prat, Carmela Carvajal, akimsifu marehemu kwa heshima ambayo mtu humpa ndugu yake. Miezi minne baadaye, tarehe 8 Oktoba, katika vita vya Angamos, kombora la Chile lilimuua Grau mwenyewe akiwa katika kituo chake cha kuongozea Huáscar, na meli ikatekwa. Wachile wanaitunza Huáscar mpaka leo katika bandari ya Talcahuano kama makumbusho, na ukipanda juu yake utaoneshwa mahali alipoanguka Prat na mahali alipoanguka Grau, vyote viwili kwa heshima moja. Mimi naona hili ni jambo kubwa, na sijui kama kuna nchi nyingi zenye moyo wa kumheshimu amiri wa adui ndani ya meli ziliyoiteka kwake.

Basi tuuendee mnara. Fedha za kuujenga zilichangwa na wananchi, na ulizinduliwa tarehe 21 Mei 1886, miaka saba kamili baada ya vita. Umesimama mbele ya jengo ambalo leo ni makao ya jeshi la majini, hatua chache kutoka gati linaloitwa kwa jina la Prat. Juu kabisa yuko Prat mwenyewe. Lakini teremsha macho, nawaomba, kwa maana hapo ndipo ilipo sababu yangu ya kuuchagua mnara huu. Chini ya Prat wamesimama wengine: yuko Serrano, yuko Riquelme, yuko sajini Aldea, na yuko baharia mmoja asiye na jina, anayewakilisha wale wote waliokuwa kwenye boila, kwenye makasia ya mashua, kwenye kamba na kwenye mizinga. Luteni, afisa kijana, sajini na baharia wa kawaida, wote wa shaba, wote wanatazamwa na mpita njia yule yule.

Na chini ya ardhi, ndani ya msingi wa mnara, kuna chumba cha makaburi. Miili ya Prat na Serrano ilikuwa imezikwa kwanza Iquique, katika ardhi ya adui, kwa hisani ya Mhispania mmoja mkazi wa mji ule aliyeona haifai watu kama hao wakatupwa shimoni bila jeneza. Baadaye mabaki ya Prat, Serrano na Aldea yaliletwa Valparaíso yakawekwa katika chumba hicho, na kadiri miaka ilivyopita waliookoka siku ile nao wakaungana na wenzao humo. Ninyi mliotoka Iringa hamhitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mnaijua Kalenga, mnajua kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa nyumbani mwaka 1954, zaidi ya miaka 50 tangu alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai, na mnajua kwamba mahali penye mabaki ya mtu hapazungumzwi kwa sauti ile ile ya mahali penye sanamu tupu. Tofauti ni kwamba Valparaíso mabaki ya kamanda na ya sajini wake yamewekwa chumba kimoja.

Linganisheni na mnara ambao pengine ndio maarufu kuliko yote ya aina hii, ule wa Horatio Nelson katikati ya London. Nelson aliwashinda Wafaransa na Wahispania kule Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, akiwa na meli 27 dhidi ya 33, akafa siku hiyo hiyo kwa risasi iliyompiga akiwa juu ya sitaha ya meli yake Victory. Alikuwa amekwisha kupoteza uoni wa jicho moja na mkono mmoja katika vita vya nyuma, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba alipigana kwa midomo. Mnara wake, uliojengwa kuanzia mwaka 1840, una urefu wa zaidi ya meta 50, na yeye yuko kileleni peke yake, juu kiasi kwamba aliye chini haoni uso wake. Mabaharia wapo, lakini wamo katika michoro ya shaba iliyobandikwa kwenye msingi. Katika ule unaoonesha kifo chake, mtazamaji makini atamwona baharia mmoja mweusi. Wengi hupiga picha na simba wa shaba walioongezwa mwaka 1867, wakaondoka bila kumwona baharia huyo.

Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, nami sibishani nao, kwa maana meli haiongozwi kwa kura. Ila methali hiyo inahusu amri, haihusu heshima. Wakati wa kugawa amri, nahodha awe mmoja. Wakati wa kugawa kumbukumbu, sioni kwa nini naye awe mmoja.

Minara ya upweke ina hatari nyingine: inaangushika kwa urahisi, kwa sababu inamtegemea mtu mmoja na sifa zake. Nelson alikuwa na nguzo nyingine mjini Dublin, na mwezi Machi 1966 Waireland waliochoka kumwona ameinamia barabara yao kuu waliilipua kwa baruti. Alikuwa na sanamu mjini Bridgetown, Barbados, iliyosimamishwa mwaka 1813, mapema kuliko ile ya London. Mwezi Novemba 2020 serikali ya Barbados iliiondoa, kwa sababu wajukuu wa watumwa hawakuona kwa nini wapite kila siku chini ya mtu aliyekuwa upande wa wenye mashamba. Uwanja wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilishwa jina tangu mwaka 1999 ukaitwa uwanja wa mashujaa wa taifa.

Sisi tuna habari yetu wenyewe ya aina hiyo, na inaanzia Dar es Salaam. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha pale sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana na kiongozi wa majeshi yao. Wissmann alisimama juu. Chini yake, miguuni pake, aliwekwa askari Mwafrika akiwa ameinua macho. Waingereza walipouteka mji waliing'oa. Ikapelekwa London, kisha Ujerumani, ikasimamishwa mjini Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko ikaangushwa na wanafunzi mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Mahali pale Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, pamesimama Sanamu ya Askari mnayoifahamu. Safari hii askari yuko juu peke yake, bunduki mkononi, na maandishi yake yanawataja hata wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Nasema wazi kwamba sanamu ile iliwekwa na wakoloni kwa makusudi yao. Hata hivyo, askari aliyekuwa ameinua macho alisimamishwa juu, na mpagazi alipata angalau mstari wa maandishi. Mengi yaliyojengwa baadaye hayakufika hata hapo.

Jina la Wissmann linanirudisha kwetu, kwa sababu kabla ya sanamu palikuwa na meli yenye jina hilo katika Ziwa Nyasa. Ilikuja vipande vipande mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa njia ya mto Zambezi na mto Shire, na pale Shire inapogeuka kuwa maporomoko, vipande hivyo vilibebwa na watu. Hivyo ndivyo zilivyofika karibu meli zote za zama zile katika ziwa letu, ikiwamo Chauncy Maples ya wamisionari, ambayo boila lake la tani 11 lilivutwa kwa mikono na mamia ya Wangoni, hatua kwa hatua, kupitia milima na vichaka. Mtu akiniuliza kazi gani ilikuwa ngumu zaidi, kuamuru meli ile majini au kuifikisha majini, sitachelewa kujibu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwezi Agosti 1914, Waingereza waliokuwa upande wa Nyasaland walipata habari kabla ya Wajerumani wa upande wetu. Meli yao yenye silaha, Gwendolen, chini ya kamanda Rhoades, ilivuka ziwa na kuikuta Hermann von Wissmann ikiwa juu ya chelezo kwa matengenezo kule Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali la Pomonda lililo mbele ya bandari. Ikaipiga mizinga ikiwa haiwezi hata kusogea. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa akifahamiana na Rhoades na kunywa naye, alipanda mashua akaja kuuliza kwa hasira kama mwenzake amelewa, maana hakuwa na habari ya vita. Magazeti ya Uingereza yaliutangaza mkasa huo kuwa ushindi wa kwanza wa majini katika vita ile, na hadi leo watu huusimulia kwa kicheko.

Mimi nami hucheka ninapofika kwenye ile mashua. Lakini baada ya kucheka huuliza: nani walikuwa wakitia kuni katika tanuri la Gwendolen? Nani alikuwa akishika usukani usiku ule, katika ziwa ambalo upepo wa mwera hulichafua kwa saa chache likawa kama bahari? Nani alikuwa juu ya chelezo cha Liuli, patasi au nyundo mkononi, kombora la kwanza lilipoanguka? Meli zile ziliendeshwa kwa mikono ya watu wa pande zote za ziwa, na katika masimulizi niliyoyasoma manahodha wawili wana majina, hata vinywaji vyao vinatajwa, na wale wengine hawapo kabisa.

Kabla sijafika kwenye pendekezo langu, mniruhusu nitoke njiani kidogo. Bolivia, ile iliyoanzisha habari ya kodi, ilipoteza pwani yake yote katika vita hivyo na mpaka leo haina bahari. Pamoja na hayo ina jeshi la majini, lenye maofisa na mabaharia wenye sare nyeupe, na makao yake makubwa ya maji ni ziwa Titicaca, lililo zaidi ya meta 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kila tarehe 23 Machi wanaadhimisha siku ya bahari, na katika mji wa La Paz wanakusanyika kwenye mnara wa Eduardo Abaroa, raia aliyeuawa siku hiyo mwaka 1879 akilinda daraja kule Calama. Kwa hiyo anayedhani kwamba watu wa nyanda za juu hawana haki ya kuwa na kumbukumbu za majini aende akawaulize Wabolivia. Na tarehe nayo ina mambo yake: 21 Mei, siku ya Iquique, ndiyo siku ambayo mwaka 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, na mamia ya ndugu zetu wakafa, wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Wachile siku hiyo hupiga gwaride. Sisi siku hiyo tuna msiba, na msiba nao una mashujaa wake, wale waliowashikilia wengine wasizame, ambao sijaona tukiwatafuta kwa bidii.

Sasa pendekezo. Ikiwa itajengwa kumbukumbu ya majini katika Ziwa Nyasa, nashauri iwe Liuli, kwa sababu pale ndipo mizinga ililia, au iwe Itungi, kwa sababu pale ndipo watu wa Mbeya wanapoonana na ziwa. Katika eneo hilo la Kyela ndiko zilikojengwa MV Ruvuma, MV Njombe na MV Mbeya II, kwa mikono ya mafundi wa Kitanzania, bila kusubiri vipande vipite Shire. Nashauri isiwe ndefu. Mtu mzima akisimama karibu nayo aweze kuweka kiganja juu ya jina la babu yake. Wafikiriwe wanamaji wa jeshi letu, ndiyo, lakini pia wapagazi waliobeba vyuma, watia kuni, washika usukani, mafundi wa chelezo, na wavuvi wa mitumbwi ambao, tangu kabla ya Wajerumani mpaka leo, ndio wanaofika kwanza chombo kinapozama. Mnakumbuka kwamba ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba mwezi Novemba 2022, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia alikuwa kijana mvuvi. Jeshi la zimamoto lilimpa ajira, na lilifanya vema. Hata hivyo kijana huyo alikuwa amekwisha kuwa shujaa kabla ya kuvaa sare.

Ziwa lile pia tunalitumia pamoja na ndugu zetu wa Malawi na Msumbiji, na juu ya mpaka wake kuna maneno ambayo leo si siku yake. Majina ya upande wa pili yaingie. Wapagazi wa Shire hawakuwa Watanganyika, na hakuna aliyewauliza pasi walipokuwa wakivuta boila. Ikiwa Wachile wanaweza kumheshimu Grau, aliyewazamishia meli na kuwaua vijana wao, sisi tunashindwaje kumwandika baharia wa Gwendolen aliyezaliwa Nkhata Bay?

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba wazo hili ni zuri ila halitekelezeki kwa kuwa majina yenyewe yamepotea. Sehemu kubwa ni kweli. Mengi yamepotea, na hayo yatapata kile alichopata baharia wa Valparaíso, nafasi ya kusimama bila jina. Lakini sikubali kwamba yote yamepotea, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuyatafuta. Wazee wa Mwaya, Matema, Lupingu, Manda na Mbamba Bay wanazo hadithi za baba na babu zao waliofanya kazi melini, na akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ambao huvusha vyungu vyao kwa mitumbwi kwenda mnadani Matema, wanajua ni nani aliyezama wapi na ni nani aliyemwopoa, kuliko ofisi yoyote ya serikali.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi wa Kyela, na wa Nyasa mtakaopelekewa maneno haya, likizo hii kila mmoja amwendee mzee mmoja wa ufukweni, amsalimu ipasavyo, akae, asikilize kwanza habari za mashamba na za wajukuu, kisha aulize: nani katika ukoo huu aliwahi kufanya kazi melini, katika meli gani, kazi gani, na alifia wapi. Andikeni katika daftari la kawaida, jina la mtu na jina la kijiji, na pale mzee asipokuwa na hakika muandike kwamba hana hakika. Madaftari yakabidhiwe kwa walimu wa historia wa shule zenu shule zikifunguliwa, nao tumekubaliana asubuhi hii kwamba watayatunza pamoja hapa Mbeya mpaka yatakapohitajika.

Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru. Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wale waliokaa nyuma karibu na mlango, kwa kuwa nimeambiwa gari lao la Kyela linaondoka kabla ya saa 10.